Ndege ndogo ya kukodi kutoka Mtwara kwenda Songea, Njombe na Iringa: tathmini ya huduma, na saa ya mwisho ya kukubali kupanda

Alama kwanza, maelezo baadaye. Mtwara hadi Songea mchana kwa Caravan, yaani Cessna 208 ya injini moja: nne kati ya tano. Mtwara hadi Njombe mchana: tatu na nusu. Mtwara hadi Dar es Salaam kwa kufuata pwani, hata giza likiingia njiani: tatu, ikiwa marubani ni wawili. Mtwara hadi Songea, Njombe au Iringa baada ya jua kuzama, kwa ndege ya injini moja na rubani mmoja: sifuri, na punguzo la bei halibadilishi kitu.

Sifuri hiyo inahitaji maelezo, kwa sababu ndege ni ile ile iliyopata nne mchana na rubani ni yule yule. Kilichobadilika ni saa ya kuondoka. Mteja akidhani analipia kiti na mafuta, amekosea. Kitu cha thamani kuliko vyote anachonunua ni saa ambayo magurudumu yanaacha ardhi, na hicho ndicho ambacho makubaliano mengi ya kukodi hayakitaji kabisa.

Huduma yenyewe ina maana. Barabara ya Mtwara, Masasi, Tunduru, Songea ni lami siku hizi, lakini ni zaidi ya kilomita 600. Angani, Mtwara hadi Songea ni kama kilomita 500 kwa mstari ulionyooka. Mwenye shughuli za makaa ya mawe huko Mbinga na meli inayosubiri bandarini Mtwara, au mnunuzi wa korosho mwenye minada miwili wiki moja, anaokoa siku nzima. Ndege utakazopewa ni za aina mbili hasa. Cessna 206 ina viti sita pamoja na cha rubani, injini moja ya pistoni inayotumia avgas, yaani petroli ya ndege, na huenda kama kilomita 250 kwa saa. Cessna 208, ile Caravan, ina injini moja ya tabaini inayotumia Jet A-1, mafuta ya taa ya ndege, na huenda kama kilomita 310 kwa saa. Avgas ni ngumu kupatikana nje ya viwanja vikubwa, kwa hiyo 206 mara nyingi huja na mafuta ya kurudia tayari kwenye tenki, jambo linalopunguza mizigo unayoweza kubeba. Wakikwambia acha begi moja, acha. Hawakudanganyi.

Sasa hesabu ya saa. Mtwara jua huzama saa 12 na dakika chache jioni katika miezi ya Mei na Juni, na karibu saa 12:45 mwezi Februari. Katika ukanda wetu giza haliji polepole: dakika ishirini na kidogo baada ya jua kuzama, ukingo wa mlima hauonekani tena. Kanuni nzuri ni kuwa chini, injini imezimwa, nusu saa kabla ya jua kuzama kule unakokwenda. Caravan kwenda Songea inahitaji saa moja na dakika 45 ukijumlisha kupanda na kushuka. Mwezi Juni, basi, saa ya mwisho ya kuruka Mtwara ni saa 10 alasiri. Kwa 206 ni saa 9:30. Njombe ni mbali zaidi, kama kilomita 600. Caravan iondoke isizidi saa 9:30, na 206 isizidi saa 9 kamili. Februari unaweza kuongeza nusu saa, ila Februari ni mwezi wa mvua kwetu na mawingu ya radi hukua alasiri hiyo hiyo, kwa hiyo nusu saa uliyoipata inaliwa na kuzunguka mawingu.

Utaambiwa, “Usiwe na wasiwasi, kule magharibi jua linachelewa.” Ni kweli, lakini kwa kiasi gani? Songea iko magharibi ya Mtwara kwa nyuzi kama nne na nusu, na kila nyuzi ni dakika nne. Unapata dakika 18. Tena dakika hizo zina mtego: ukiwa futi 9,000 juu bado unaliona jua, huku mabonde yamekwisha kuingia kivulini na njia ya kurukia iko gizani. Rubani hushuka kutoka mwangani hadi gizani ndani ya dakika kumi, na macho ya binadamu huhitaji kama nusu saa kuzoea giza sawasawa. Kwa sisi, safari ya machweo ni mbaya kuliko ya saa 3 usiku, kwa kuwa saa 3 angalau kila mtu anajua kuwa ni usiku na amejiandaa.

Safari za mchana huchelewa kwa sababu zinazojulikana: abiria anatoka mnadani na kuomba nusu saa, gari la mafuta limekwenda kuhudumia ndege ya abiria kwanza, mvua imesimama juu ya Masasi, mkubwa mmoja kikao chake hakijaisha. Hakuna hata moja inayotisha. Zikijumlishwa, safari ya saa 8 mchana inakuwa ya saa 11 jioni, na hakuna aliyekaa chini kuamua kwamba turuke usiku juu ya milima. Hapo ndipo pa kuwa mkali.

Milima yenyewe, kwa tarakimu. Kutoka Mtwara ardhi huanza kwa upole: Uwanda wa Makonde, kisha vilima vya mawe vya Masasi vinavyochomoza ghafla kwenye tambarare, ambavyo usiku havina hata taa moja. Songea mji uko karibu futi 3,500, na nyuma yake nchi ya Wamatengo hupanda kupita futi 6,000. Uwanja wa Njombe wenyewe uko zaidi ya futi 6,000. Njia ya Iringa inakutana na Udzungwa, ambako kilele cha Luhombero ni mita 2,576, yaani futi 8,450. Ukisukumwa na upepo au mawingu kuelekea safu ya Kipengere, kilele cha Mtorwi ni mita 2,961, kama futi 9,700. Kanuni ya kuruka kwa vifaa, yaani kwa kutazama vipimo vya ndani ya ndege badala ya nje, juu ya milima hudai futi 2,000 juu ya kizuizi kirefu kuliko vyote kilichoko jirani na njia yako. Kwa Luhombero hiyo ni futi 10,450. Andika namba hiyo, tutairudia.

Futi 10,450 usiku ni tatizo la macho kabla halijawa tatizo la injini. Sehemu ya jicho inayoona gizani hula oksijeni nyingi, na uwezo wake huanza kupungua kuanzia futi 5,000 hivi, mapema sana kabla mtu hajahisi kichwa chepesi. Ndiyo maana marubani hushauriwa kutumia oksijeni usiku kuanzia kimo hicho, ingawa sheria nyingi huilazimisha kuanzia futi 10,000 na kuendelea. 206 na Caravan hazina kabini yenye mgandamizo, yaani hewa ya ndani ni nyepesi kama ya nje. Uliza kama kuna chupa ya oksijeni ndani, imejaa, na barakoa ya rubani iko wapi. Jibu likiwa “hatuendi juu hivyo”, basi umeambiwa kwamba watapita chini ya kimo salama. Ni jibu zuri sana mchana. Usiku ni tangazo.

Baada ya macho, upeo. Mchana rubani huweka mabawa sawa kwa kutazama mstari ambapo ardhi inakutana na anga. Kati ya Masasi na Tunduru, na zaidi juu ya pori la Selous na Nyerere, usiku usio na mwezi mstari huo haupo. Hapo mwili huanza kudanganya. Majimaji ya sikio la ndani huhisi mwanzo wa kugeuka, lakini kona ikidumu sekunde kumi hadi ishirini hutulia, na rubani huhisi yuko sawa wakati ndege inazunguka na kushuka. Akiinyoosha, huhisi anaanguka upande wa pili, anairudisha kwenye kona ile ile. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kiliwajaribu marubani 20 wasio na mafunzo ya kuruka kwa vifaa kwa kuwanyima upeo. Wote walipoteza udhibiti. Wastani ulikuwa sekunde 178. Dakika tatu kasoro.

Kusini tuna nyongeza zetu ambazo vitabu vya Ulaya havizisemi. Kuanzia Agosti hadi Novemba mashamba na mapori huchomwa, na kutoka juu mistari ya moto usiku huonekana kama taa za barabara ya mji uliojipinda. Rubani mgeni huweza kuinamisha ndege ili ilingane nayo. Moshi wenyewe hufuta nyota. Na anayerudi Mtwara akitokea bara hukutana na taa za wavuvi wa dagaa baharini, ambazo huchanganyika na nyota hadi usijue maji yanaishia wapi. Wavuvi hao hutoka siku za giza, mwezi usipokuwepo, na siku hizo ndizo mbaya kuliko zote kwa ndege ndogo. Kama ni lazima mtu aruke usiku, atazame mwezi: mwezi mpevu huchomoza karibu jua linapozama, kisha kila siku huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Siku nne baada ya mwezi mpevu, saa tatu za kwanza za usiku ni kiza kitupu.

Kuna pia udanganyifu wa kutua. Uwanja wenye taa uliozungukwa na pori lisilo na taa humfanya rubani aone yuko juu mno, ashuke mapema, na agonge mti au kilima kilomita kadhaa kabla ya njia ya kurukia. Dawa ni taa za pembeni zinazoonyesha pembe ya kushukia kwa rangi nyeupe na nyekundu, au kushuka kwa kufuata vifaa. Uliza uwanja unaokwenda una nini kati ya hivyo, na kama taa zitawashwa saa mtakayofika. Viwanja vya nyasi au changarawe vya wilayani havijadiliwi: mwisho wake ni machweo.

Upepo wa milimani unastahili aya yake. Miezi ya kusi, upepo unyevu kutoka baharini hupanda miteremko ya mashariki ya Uluguru na Udzungwa na kuivika mawingu; nyuma ya ukingo, upande wa magharibi, hewa hiyo hiyo huporomoka. Upepo wa kilomita 45 kwa saa au zaidi kwenye ukingo ni onyo kwa ndege ndogo, kwa kuwa mporomoko wake huweza kushinda uwezo wa 206 wa kupanda. Mchana rubani huona wingu lililolala juu ya ukingo na kuelewa. Pia huukaribia mlima kwa pembe ya nyuzi 45, ili akivutwa chini ageuke kwa kona fupi kurudi bondeni. Usiku haoni wingu, haoni ukingo, na hajui bonde liko upande gani. Mbinu zote za kuruka milimani zinategemea macho. Ukiyaondoa, kilichobaki ni kimo peke yake, na tumeona kimo kinadai nini.

“Lakini injini ya Caravan haizimiki ovyo.” Sawa, ni injini yenye sifa nzuri. Ila hoja si mara ngapi inazimika, ni kinachofuata. 206 iliyozimika hupepea kama kilomita 2.8 kwa kila futi 1,000 za kimo. Caravan hupepea mbali zaidi kidogo. Mchana hizo kilomita zinatosha kuchagua barabara ya Tunduru, shamba au mchanga wa mto. Usiku unachagua weusi mmoja kati ya weusi mwingine. Wapo watakaokupa ndege ya injini mbili kama suluhisho. Shika kalamu: ndege ya pistoni kama Baron 58 iliyojaa, ikipoteza injini moja, haiwezi kushikilia kimo zaidi ya takribani futi 7,000. Luhombero ni futi 8,450. Injini ya pili hapo inakupeleka mlimani polepole. Injini mbili zina maana kwenye njia ya pwani. Juu ya milima mirefu zinahitaji kuwa za tabaini, na ndege iwe nyepesi.

Umeme na vifaa ni sehemu ambayo abiria huidharau. 206 za zamani huendesha kifaa kinachoonyesha kama mabawa yako sawa kwa pampu ya ombwe inayozungushwa na injini. Pampu hizo hufa bila dalili. Kifaa hakizimiki ghafla, huinama taratibu, na rubani asiyekagua vifaa vingine huinama nacho. Alteneta ikifa, betri nzuri hukupa kama nusu saa, betri ya zamani dakika chache. Kwa hiyo: pampu ya akiba au kifaa cha umeme chenye betri yake, tochi mbili zenye betri mpya, moja iwe shingoni mwa rubani. Skrini ya GPS yenye ramani ya milima ni msaada mkubwa. Nyekundu maana yake ardhi iko juu yako au haijafika futi 100 chini yako. Njano ni kuanzia futi 100 hadi 1,000. Uliza ramani yake ilisasishwa lini, na kama sauti ya onyo haijazimwa, maana wapo wanaoizima kwa sababu hupiga kelele viwanja vya bondeni. Tablet iliyogandishwa kiooni kwa kishikizo haihesabiwi.

Anayeona tunatia chumvi atazame kumbukumbu za kanda hii. Tarehe 15 Novemba 2017 Cessna 208 iligonga ukingo wa kreta ya Empakaai, Ngorongoro. Watu 11 walikufa. Tarehe 5 Juni 2018 Cessna 208 nyingine iligonga milima ya Aberdare, Kenya, watu 10. Tarehe 10 Juni 2024 ndege ya jeshi iliyombeba Makamu wa Rais wa Malawi, Saulos Chilima, ilianguka msitu wa Chikangawa, ng'ambo tu ya Ziwa Nyasa. Zote tatu zilikuwa saa za mchana, mahali penye milima. Usiku wa tarehe 19 Oktoba 1986, Tupolev ya Rais wa Msumbiji, Samora Machel, ambaye wazee wa Nachingwea wanamkumbuka tangu kambi ya FRELIMO, ilijibamiza vilima vya Mbuzini, Afrika Kusini, ikiwa na marubani kamili na vifaa vingi kuliko Cessna yoyote. Mabishano juu ya kilichoipotosha hayajaisha. Mbuzini ni vilima, si milima. Udzungwa ni mara kadhaa yake.

Tukirudi kwenye huduma: kinachoshusha alama hata mchana ni jinsi bei inavyopangwa. Unalipia saa za ndege kuwa hewani, pamoja na kurudi tupu ilikotoka. Malazi ya rubani na maegesho ya usiku mara nyingi hayamo, au yako kwa maandishi madogo. Matokeo yake kila mtu, kuanzia dalali hadi rubani, ana sababu ya kutaka ndege irudi leo leo. Lipia kitanda cha rubani tangu mwanzo. Ni fedha ndogo kuliko zote kwenye ankara, na ndiyo inayomwezesha kusema “tulale Songea” bila kugombana na mwajiri wake. Kwenye makubaliano weka sentensi hii kwa maandishi: ndege isipoacha ardhi kabla ya saa fulani, safari inahamia asubuhi kwa bei ile ile. Asubuhi nayo ni bora kwa jambo jingine. Uwanja ulio futi 6,400, joto likiwa nyuzi 25 mchana, ndege hujihisi iko futi 9,000 hivi, na injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa ya ziada, hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000. Saa 2 asubuhi Njombe kuna baridi, na ndege hupanda kama ilivyoandikwa kitabuni.

Kabla ya kulipa omba kuona cheti cha mwendeshaji kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kile wenyewe wanachokiita AOC. Ndege ya mtu binafsi inayokubebea “kwa mafuta tu” haina, na bima yake huenda isikutambue. Uliza kama rubani ana kibali cha kuruka kwa vifaa na amekitumia lini mara ya mwisho. Uliza akiba ya mafuta: mchana nusu saa, usiku dakika 45, juu ya mafuta ya kufika uwanja wa pili. Uliza kama kitoa ishara cha dharura ni cha megahezi 406. Vile vya 121.5 peke yake havisikilizwi na setilaiti tangu tarehe 1 Februari 2009, na betri ya kitoa ishara ina tarehe ya mwisho iliyoandikwa juu.

Dharura ya hospitali ni jambo jingine, na tusiwafungie mlango wagonjwa. Mgonjwa wa Ndanda au Ligula anayekwenda Muhimbili anafuata pwani, hakuna mlima njiani. Ndege yenye marubani wawili wenye vibali vya vifaa inaweza kumchukua kutoka Mtwara usiku. Akiwa wa kupelekwa nyanda za juu, pasipo ndege ya tabaini yenye kabini ya mgandamizo, ni bora daktari amtulize hadi alfajiri. Kikwetu, uwanja wa Lindi, usiuhesabu kwa safari ya aina hiyo. Gari hadi Mtwara kwanza.

Hata safari ya mchana, mwachie mtu wa nyumbani namba ya usajili wa ndege, njia, na saa ya kufika. Dakika 30 zikipita bila habari, apige simu mnara wa uwanja mlikotokea. Utaratibu wa kutafuta ndege huanzia hapo. Wewe beba koti zito, tochi, filimbi na lita moja na nusu ya maji mfukoni au miguuni, si kwenye begi la nyuma.